Maji Yaliyopungua

Watu wakiingia sebuleni kwetu kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: maji haya unayabadilisha lini? Nikiwaambia kwamba sijayabadilisha tangu nilipoyajaza, wanasogea nyuma kidogo na kunusa. Wanuse wanavyotaka. Tangi langu halinuki. Lina harufu ya mbali, kama ya ukuta ulionyeshewa jana, na ukikaa nalo hata hiyo unaisahau, unabaki na sauti tu ya maji yakishuka kwenye bomba kuelekea kabatini.

Mimi ni fundi miwani, mstaafu. Miaka yangu ya kazi niliimaliza ndani ya chumba chenye giza nikiwauliza watu: kati ya kioo hiki na hiki, kipi kinakuonyesha vizuri? Nusu yao walikuwa wananidanganya, maana mtu hapendi kuonekana ameshindwa kusoma herufi, hata mbele ya fundi aliyemwendea kwa sababu hawezi kusoma herufi. Nilipostaafu niliapa kutomuuliza mtu yeyote tena anaona nini. Nilitaka kutazama mwenyewe, kimya, kitu kisichojibu. Ndipo nikanunua vioo vikubwa, mawe, mchanga mweupe, chumvi ya bahari ya paketi, na kipande cha tumbawe la pembe kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kipande hicho sasa kimekipita kiganja changu, na ncha zake ni za zambarau.

Nieleze mambo yanavyokwenda, halafu sirudii. Matangi ni mawili. La juu ni la kutazama: mna matumbawe, konokono, na samaki wachache wakiongozwa na mmoja mwenye milia ninayemwita Hakimu, kwa jinsi anavyokukazia macho bila kutamka neno. La chini limefichwa kabatini, na humo unaishi mwani, wa kijani, umejisokota kama sufi. Samaki wanakula na kuchafua, mwani unakula uchafu wao, nami naukata mwani ukinawiri kupita kiasi. Kuna pia chombo kinachochapa maji kwa hewa hadi yakatoa povu la kahawia. Povu hilo nalimwaga, na aliyewahi kulinusa hawezi kuniuliza kwa nini. Pampu inarudisha maji juu, yanashuka tena, siku nzima, usiku kucha.

Katika kuzunguka huko maji yanapotelea hewani. Chumvi haiendi nayo, inabaki. Kwa hiyo kila asubuhi naongeza kabatini maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, mpaka yafike kwenye alama niliyoichora. Na kwa kuwa matumbawe hujenga mifupa yao kwa chokaa, jioni nakoroga kijiko cha chokaa safi kwenye ndoo ya maji hayo, naiacha itulie, na asubuhi namimina yale maangavu ya juu, polepole, kwa mkono wa birika kabisa. Basi. Sibadilishi kitu. Narudisha kilichopungua.

Asubuhi taa za juu huwaka kidogo kidogo, buluu kwanza, na chumba kizima kinakuwa kama kiko chini ya kitu. Mapazia, viti, kalenda ukutani, vyote vinayumba yumba kwenye mwanga. Hiyo ndiyo saa yangu. Nakaa na kuwaza maji yamekwenda wapi. Yako kwenye mapazia, yako kwenye vitambaa, yako kwenye hewa tunayovuta. Mwanangu wa kiume, ambaye kazi ya mitambo inamweka mbali na hurudi mwisho wa wiki tu, akipiga miayo pale mlangoni nawaza kwamba amemeza kidogo ya bahari yangu. Maji niliyoyajaza siku ya kwanza yalishatoka karibu yote, dirishani, bila kuaga. Kilichobaki ni chumvi na mahali pake. Na bado naliita tangi lilelile, na Hakimu hajawahi kupinga.

Chumba hicho nakitumia pamoja na mke wa mwanangu. Yeye ni fundi cherehani, na cherehani yake iko dirishani kwa sababu ya mwanga. Anashona sare za shule, buluu, marundo kwa marundo, na mlio wa mashine yake na mlio wa pampu yangu vimezoeana. Sisi wenyewe tunaishi kwa heshima. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, chai hii hapa baba, ahsante. Hajawahi kunikosoa usoni. Siku moja nilitoka chumbani nimevaa fulana nje ndani. Alinyoosha tu mkono akaniambia, "Lete hiyo baba, nikukazie kifungo." Nikaivua, akanirudishia ikiwa imegeuzwa vizuri, nami nikamshukuru nikaondoka. Fulana yenyewe haina kifungo.

Mgeni wetu wa kudumu ni Mabomba. Alikuwa fundi bomba, sasa naye ni mstaafu, na naye ana tangi lake, ila yeye ni wa dhehebu jingine. Kila wiki anatoa maji, anachanganya mapya kwa chumvi ya paketi, anamwaga, anapangusa, anahema. Mabomba ni mtu wa kutia chumvi, kwenye tangi na kwenye maneno. Kwake kila samaki aliyekufa alikuwa na urefu wa mkono.

"Wewe siyo mfugaji," huniambia. "Wewe ni mvivu mwenye bahati."

"Na wewe ni dobi," namjibu. "Unafua samaki."

Amekuwa akiniomba tangi langu tangu lile tumbawe lilipoanza kuwa na rangi. Nami nilimwahidi, siku nikishindwa, litakuwa lake. Alicheka. Hakujua kwamba nilikuwa namaanisha, wala kushindwa kwenyewe ni kwa maana ipi.

Maana yake ni mama yangu. Mama alisahau taratibu, kama mtu anayetoa vyombo nyumbani kimoja kimoja. Kwanza yalikwenda majina, halafu njia ya sokoni. Asubuhi moja alinimiminia chai, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina. Chai ikatambaa mezani, ikadondoka magotini mwangu, ya moto, naye ananitazama kwa upole kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni asiyemjua. Sikusogea. Niliogopa kwamba nikisogea atajua. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka, na nilikaa pale nikiungua mpaka birika likaisha.

Siku hiyo niliweka kiapo changu cha pili, na hiki sikumwambia mtu. Siku nitakayomimina nisijue kwamba nimemimina, nitalitoa tangi mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla nyumba haijaona. Nitaondoka na tai shingoni. Sitawafanya watu wangu wakae wakiungua kwa adabu.

Sasa basi. Asubuhi moja nilifungua kabati, ndoo mkononi, nikakuta maji yako kwenye alama.

Nikadhani nimeona vibaya, mimi fundi miwani. Nikapangusa kioo. Yalikuwa pale pale, sawasawa, kana kwamba nimeshamimina. Nikatazama ndoo ya maji ya chokaa: imejaa. Nikatazama dumu la maji yaliyochujwa ninalochotea: limepungua. Nilisimama mpaka mkono ukaniuma kwa uzito wa ndoo. Picha iliyokuja kichwani ilikuwa moja tu. Niliamka, nikaja, nikachota kwenye chombo kisichostahili, nikamimina maji matupu, nikarudi kulala, na yote hayo yakafutika.

Nikafunga kabati, nikajitia hamnazo. Mke wa mwanangu alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikanywa chai yangu yote bila kuonja kitu.

Ikaja kuwa hivyo tena, na tena. Siku nyingine nilikuta maji yamepungua kama inavyopaswa, nikamimina kwa furaha ya mtoto. Siku nyingine nilikuta yameshafika. Nikaanza kupima kila kitu. Nina kipima chumvi cha kuchungulia, kama darubini ndogo: unaweka tone moja kwenye kioo chake, unaelekeza dirishani, unaona mahali buluu inapokutana na weupe. Chumvi ilikuwa sawa. Kipimo cha chokaa ndicho kilichonitia baridi. Hicho unatia matone kwenye maji ya rangi ya waridi mpaka yageuke buluu, na yakigeuka mapema ujue chokaa ni kidogo. Yaligeuka mapema. Kila baada ya siku chache yaligeuka mapema zaidi. Na lile tumbawe la pembe likaanza kufifia, zambarau yake ikawa kama nguo iliyokaa kambani muda mrefu.

Nilijipima na mimi. Niliketi kwenye kiti changu nikasoma kwa kichwa lile bango la herufi la dukani, kutoka herufi kubwa ya juu hadi zile ndogo za chini kabisa. Nilizipata zote. Nikawataja wateja wangu wa zamani na namba za miwani yao, nikawapata. Nikafurahi kidogo, kisha nikakumbuka kwamba mama naye aliimba nyimbo zake zote za utotoni bila kukosea hata alipokuwa haniiti tena kwa jina. Furaha ikakauka.

Mtu ataniuliza, hukufikiria kwamba kuna mtu mwingine anayemimina? Sikufikiria. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kugusa kabati langu, na kusema kweli mtu akishaogopa kitu kimoja maisha yake yote, kitu hicho kikibisha hodi hafikirii kwamba ni jirani.

Nikampigia simu Mabomba. Nikamwambia njoo Jumamosi, ulete dumu zako.

"Dumu za nini?"

"Tangi. Nimeshindwa."

Alinyamaza. Mabomba kunyamaza ni jambo la kuogofya. Kisha akasema atakuja.

Siku zilizobaki nilizipitisha mbele ya kioo. Sijui kama nililala au niliota nikiwa macho. Mwanga wa buluu ulikuja, ukaondoka. Nilimwona Hakimu akipita kati ya pembe zilizofifia, na nilihisi kwamba mimi ndiye niliye ndani na yeye ndiye ananitazama kutoka sebuleni, ananipima, hiki na hiki, kipi afadhali. Nilitamani aniambie. Cherehani ililia dirishani, ikanyamaza, ikalia. Nilikuwa na huzuni kubwa, na niliificha vizuri, au nilidhani hivyo.

Jumamosi Mabomba alikuja na dumu, mipira ya maji na koleo, amevaa ovaroli yake ya kazini kama anayekwenda kuzibua choo. Mwanangu alikuwa ameitwa kazini wiki ile, hakurudi. Mke wake alitazama dumu zikipangwa sakafuni. Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Baba, kuna nini?"

"Mabomba anachukua tangi," nikasema. "Nimechoka nalo."

Alishika kitambaa alichokuwa anashona, akakikunja, akakikunjua.

Mabomba alizima pampu. Ile sauti ilipokatika, chumba kikawa kikubwa ghafla na kitupu, nikaketi. Alipiga magoti, akaingiza mkono kabatini mpaka begani, akaitoa pampu ikidondosha maji, akaigeuza atazame wavu wake wa kuvutia maji.

"Ninyi humu mnawashonea samaki nguo?" akasema.

Uzi. Uzi wa buluu, umejizungusha kwenye wavu mara nyingi, umebana. Mabomba aliuvuta kwa kucha, ukaja mrefu, ukaja mwingine. Alikuwa anacheka peke yake. Mimi sikucheka. Niliutazama uzi, nikamtazama mke wa mwanangu, na kwenye mikono ya gauni lake zilikuwepo nyuzi zilezile, zimenata, kama kila siku. Kabati hukaa limefungwa. Uzi haufungui mlango.

Yeye alikuwa ameshasimama.

"Nilikuwa namimina mimi, baba," akasema. "Samahani. Ukiwa bado umelala. Nilitumia yale maji ya dumu, nikayafikisha kwenye alama. Sikujua kama nakosea."

Sijui niieleze vipi furaha iliyonipata. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikajipiga mapajani. Mkosaji alikuwa yeye. Maji matupu yalikuwa yake, uzi wake, kusahau hakukuwa kwangu. Nilikuwa mzima. Mabomba alinitazama akiwa ameshika pampu, asijue achekee wapi. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani. Lakini nilikuwa mwepesi mno kwa furaha, nikamuuliza lile swali nililoapa kutomuuliza mtu tena.

"Sasa kwa nini, mwanangu? Uliona nini?"

Aliinamisha uso. Nimeona wateja wengi wakiinama hivyo mbele ya bango, wanatafuta herufi ya kubahatisha. Nilijua angeweza kunidanganya, na nilijua ningemshukuru.

"Kuna asubuhi nilisikia pampu inakoroma," akasema. "Nikaja. Maji yalikuwa yamepungua sana kule chini, inavuta hewa, huku juu kumejaa mapovu madogo. Wewe umekaa hapo ulipo. Ndoo iko miguuni, imejaa. Nikakwambia, baba, maji yamepungua. Ukasema, nimeshamimina."

"Nilikuwa nusu usingizini," nikasema.

"Nikakwambia, ndoo hii hapa, baba." Akakishika tena kile kitambaa.

"Sema."

"Ukaniuliza kama nimekuja kupima macho."

Mabomba aliweka pampu chini, polepole sana, kama inayoweza kuamka.

"Nikasema ndiyo," akaendelea. Alikuwa anaongea na kile kitambaa. "Nikavuta kile kiti nikakaa. Ukaniambia nizibe jicho moja kwa mkono. Ukanielekeza kwenye kioo cha tangi, ukasema nianze juu. Nikaanza kusoma."

"Ulisoma nini? Pale hakuna herufi."

"Nilikuwa nataja tu, baba. Zozote. Ukasema macho yangu mazima, niende nikapumzike. Baada ya hapo ukanywa chai, ukaniita jina langu, ukawa sawa. Lakini nikaona bora nikiamka nitazame maji kwanza. Ilitokea tena, siyo sana. Sikutaka ujue. Nilidhani ukikuta maji yamejaa utapumzika."

Nilimtazama. Nilitafuta asubuhi hiyo kichwani mwangu, nikapapasa kila mahali. Haikuwepo. Palikuwa laini, kama ukutani palipotolewa picha. Na nilichofikiria si mama, wala si tangi. Nilifikiria kwamba alikaa kwenye kile kiti na jicho moja amelifunika, akasoma herufi ambazo hazipo, moja baada ya nyingine, kwa adabu, mpaka nikatosheka. Nililia mbele yao. Sina haja ya kusema vingine.

Mabomba alikohoa. Alichukua ile pampu, akausuuza wavu wake, akaingia tena kabatini mpaka begani. Maji yalipanda, bomba likakohoa hewa, kisha ile sauti ikarudi kushuka, na chumba kikarudi ukubwa wake.

"Nimekwambia uchukue," nikasema.

"Mimi nilikuja kuchukua tangi la mtu aliyeshindwa," Mabomba akajibu kutoka kabatini. "Simwoni humu."

"Hili tangi linakufa. Tazama lile tumbawe." Nilikuwa nimepata hasira, na hasira ilinisaidia kusimama. Nikamgeukia mke wa mwanangu. "Na wewe ndiye uliyekuwa unawaua. Unawapa maji matupu. Wanajenga kwa nini hawa, kwa hewa? Ungeniuliza. Ungeuliza swali moja tu."

"Basi nifundishe," akasema.

Hakusema kwa unyonge. Alilisema hivyo hivyo anavyoniambia lete hiyo nikukazie kifungo, na mkono wake ulikuwa umenyooka.

Nikamfundisha. Nilimwonyesha kopo la chokaa na kijiko chake, nikamwonyesha jinsi ya kukoroga bila kupuliza vumbi usoni, na kwamba ile nyeupe ya chini haimiminwi kamwe, ni yale maangavu tu. Nikamwonyesha jinsi ya kumimina kama mtu mwenye choyo. Alimimina vizuri kuliko mimi, mkono wake umezoea kufuata mstari. Nikampa kipima chumvi achungulie dirishani, nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona mahali buluu inapoishia. Hakubahatisha.

Mabomba alikusanya dumu zake. "Naondoka mikono mitupu," akamwambia. "Baba mkwe wako aliniahidi. Choyo cha nyumba hii hakijifichi." Alipofika mlangoni alirudi, akanishika bega, akakaa hivyo kidogo, akaenda zake.

Wazo la chaki lilikuwa la mke wa mwanangu. Ana chaki za nta za kuchorea vitambaa kabla ya kukata, za rangi mbalimbali. Alinipa nyeupe, akabaki na ya buluu, akasema anayemimina achore mstari mfupi kwenye kioo cha tangi la kabatini, pembeni ya alama, na jioni tutafuta wote pamoja. "Ili tusiwape mara mbili, baba," akasema. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nilijua tunachokichorea. Mwanangu aliporudi tulimwambia, akakaa na mimi siku nzima hata mpira hakutazama. Tulikwenda kwa daktari, akasema aliyosema, akatoa dawa, akasema turudi. Nakunywa dawa. Mengine ya daktari nayaacha kwa daktari.

Tumbawe lilichukua muda. Rangi ilirudi kutoka ncha, taratibu, siku hadi siku huoni kitu, kisha siku moja unaona. Chokaa ilipanda kwenye kipimo. Nyingi za asubuhi hizo nilichora mstari wangu mweupe mwenyewe, nikaukumbuka mpaka jioni, nikaufuta kwa fahari. Nyingine nilikuta wa buluu, naye akiniambia tu, "Leo nilikuwahi, baba," nami nikimlaumu kwamba ananinyang'anya kazi. Tulizoea kutaniana kidogo. Ile heshima haikuondoka, ila ilipata dirisha.

Leo nimeamka, mwanga wa buluu uko sebuleni, mapazia yanayumba. Cherehani bado imefunikwa. Nilikwenda kabatini kuchukua ndoo, na ndoo ilikuwa nyepesi. Ndani yake mlikuwa na ile nyeupe ya chini tu, imeachwa inavyotakiwa. Maji yalikuwa kwenye alama. Pembeni yake, kwenye kioo, kulikuwa na mstari mfupi, mweupe.

Sikumbuki kuuchora. Nilisimama nikitafuta, nikapapasa tena kila mahali kichwani, na palikuwa laini. Kisha nikatazama mkono wangu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na weupe wa chaki, kwenye mistari ya ngozi, mpya.

Nilikwenda kwenye kiti changu nikakaa. Juu kule matumbawe yalikuwa yanaanza kufunguka, Hakimu akatoka kwenye pembe zake akasimama mbele yangu. Nyuma yangu nilisikia mlango, kisha cherehani ikifunuliwa.

"Shikamoo baba. Umeshamimina?"

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Nimeshamimina."

Alikuja akachungulia kabatini, akaona mstari, akaenda kuweka maji ya chai jikoni.